Kwa nini tui hukatika: niliyojifunza tangu jikoni kwa mama hadi Salalah

Mara ya kwanza nilipompikia mamangu samaki wa kupaka, aliitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Baba, hili tui limekatika." Akaisukuma sahani pembeni kwa mkono wa kushoto, ambao ndio mkono pekee unaomtii siku hizi. Usiku ule hakula.

Nilikuwa na umri wa miaka 52. Nimezaliwa Kibokoni, nimekula wali wa nazi tangu sina meno, na sikuwa najua kukuna nazi. Nalisema wazi kwa sababu najua wanaume wengi mnaosoma hapa mko vivyo hivyo. Kwetu jiko lilikuwa la mama na dada zangu watatu. Mimi na ndugu yangu tulikuwa tukitumwa Marikiti kununua nazi, tukirudi tunaambiwa tumeuziwa mbovu, na kazi yetu huishia hapo.

Kisha mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea. Alirudi kutoka hospitali akizungumza vizuri na akili yake timamu, lakini hawezi kushika mwiko. Dada zangu wameolewa mbali, na mke wangu ni mwalimu, hurudi jioni amechoka. Tukaanza kupikia tui la pakiti na la kopo. Mama alikula siku mbili tatu kwa adabu tu, halafu akawa anagusagusa na kuacha. Nguo zikaanza kumpwaya. Daktari alitwambia tumpunguzie chumvi, lakini jambo alilolikazia zaidi ni kwamba mama ale, maana hali ile haikuwa nzuri. Nikamuuliza mama roho yake yataka nini. Akanijibu, "Samaki wa kupaka. Wa nazi, si hiyo dawa yenu ya kopo."

Ndivyo nilivyoingia jikoni, na ndivyo nilivyolikata tui.

Kwa asiyepika, nieleze kwanza maana yake. Tui likikatika, mchuzi hautulii pamoja. Juu yanaelea mafuta ya rangi ya manjano kwa sababu ya bizari, chini yanabaki maji maji, na katikati kuna chembe nyeupe kama maziwa yaliyoharibika. Chakula hakina sumu, na mwenye njaa atakula. Ila ile ladha laini inayoufunika ulimi imekwenda, na kwenye samaki wa kupaka ni hasara kubwa zaidi, maana tui haliwezi kumshika samaki. Linamteleza na kudondokea makaa.

Nilimuuliza mama nimekosea wapi. Akanipa masharti kama alivyopewa na mamake: moto uwe mdogo, usifunike sufuria, koroga upande mmoja, ukwaju mwisho, na tui usiliache peke yake hata mtu akibisha hodi. Nikauliza kwa nini. Akasema ndivyo linavyopikwa. Mimi kichwa changu hakishiki sharti lisilo na sababu, ni ugonjwa niliozaliwa nao, kwa hivyo kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi kila safari niliyokwenda ilikuwa na swali moja ndani ya mkoba.

Safari ya kwanza ilikuwa Amu, kwenye arusi. Basi kutoka Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, kisha boti. Nilifikia kwa mjane wa rafiki ya marehemu baba, mama wa makamo ambaye mikono yake inajulikana mtaani kwao. Jiko la nyumba nyingi za kale za Amu liko juu kabisa, darini, moshi upande zake bila kusumbua watu walio chini. Asubuhi nikampandia huko, nikamwambia shida yangu. Hakucheka. Aliniambia, "Ndoo, keti," akanionyesha mbuzi.

Lakini kabla ya kukuna alinifundisha kununua. Tunda la mnazi lina majina kwa umri wake, nasi tunayajua bila kuyafikiria: kidaka, kitale, dafu, koroma, na mwisho nazi. Kutoka ua mpaka nazi iliyokomaa hupita kama mwaka mzima. Dafu lina maji mengi matamu na nyama laini ya kuchota kwa kijiko. Koroma ni kijana asiyejua kama ni mtoto au mtu mzima: nyama imeshakuwa ngumu, lakini mafuta bado hayajajaa. Tui la koroma ni jeupe, na ni jepesi. Nazi kamili ndiyo yenye mafuta. Katika gramu 100 za nyama yake, karibu nusu ni maji, gramu 33 hivi ni mafuta, na gramu 3 na kitu ni protini. Ishikeni hiyo protini, tutairudia, kwa sababu ndiyo yenye kesi yote.

Basi yule mama aliitikisa nazi sikioni. Maji yakicheza ndani kwa sauti ya wazi, ni nzuri. Isiposema kitu, maji yamekauka na huenda mafuta yameanza kuvunda. Alitazama yale macho matatu: yawe makavu, yasiwe na ukungu wala unyevu. Akaipima kwa mkono, iwe nzito kuliko unavyotarajia. Akaivunja kwa kuigonga mara tatu katikati kwa mgongo wa kisu huku akiizungusha, ikafunguka vipande viwili sawasawa, maji akayanusa kabla ya kuyamwaga kwenye kikombe. Nilipojaribu mimi ilipasuka vipande vitano, na maji yote yakaniingia mkononi.

Kukuna ni kazi ya kiuno na subira, si ya nguvu. Unaketi, unaizungusha nazi kwenye meno ya mbuzi kidogo kidogo, unaanza kingoni na kuelekea kati. Mimi nilikuwa nasugua mpaka nakutana na lile ganda la kahawia. "Hapo wakuna kifuu," aliniambia. Ile ngozi ya kahawia ikiingia, tui linakuwa na rangi ya vumbi na ukakasi wa mbali. Waacha milimita moja ya nyeupe, wala usiionee uchungu.

Kisha maji. Aliyapasha yakawa ya uvuguvugu, akanyunyiza kikombe kimoja kwenye nazi mbili zilizokunwa, akazifinyanga kama mtu anayekanda unga, akazitia kwenye kifumbu na kukamua. Hilo ndilo tui la kwanza, zito, linalokaa kwenye upawa. Akaliweka pembeni na kulifunika kwa kawa. Machicha akayarudishia maji mengine, akapata tui la pili. Akarudia mara ya tatu, likatoka jeupe kama maji ya mchele. Kila moja lina kazi yake. La tatu linachemshia mbaazi au muhogo mpaka viive, la pili linapikia wali, na lile la kwanza linaingia mwisho kabisa, chakula kikiwa karibu kuepuliwa. Nilikuwa nimelala na sharti la "tui la kwanza mwisho" maisha yangu yote bila kujua, na kule Mombasa nilikuwa nimeyachanganya yote matatu kwenye sufuria moja na kuwasha gesi.

Nilimuuliza kwa nini maji yawe ya uvuguvugu. Akajibu kama mamangu.

Jibu nililipata Nairobi, mahali ambapo sikutarajia kujifunza chochote cha nazi. Ilikuwa mwezi wa Julai, nimekwenda kumtazama binti yangu anayesoma huko. Nilimbebea tui zito nililolikamua mwenyewe, nimeligandisha kwenye chupa na kulifunga kwa magazeti. Lilifika limeshayeyuka, tukaliacha juu ya meza ya jikoni usiku. Asubuhi binti yangu akaniita, "Baba, tui lako limeoza." Juu ya chupa kulikuwa na tabaka nene jeupe, gumu, kama samli. Chini, maji. Alikuwa amelishika tayari kulimwaga.

Halikuwa limeoza. Mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi. Huku kwetu Pwani miezi mingi ya mwaka hatuyaoni yakiganda, isipokuwa asubuhi za kusi, mwezi wa Julai na Agosti, ile chupa ya mafuta ya nywele inapokataa kumimina. Nairobi ya Julai ni baridi ya kutosha kuyagandisha mchana kutwa. Hapo ndipo nilipoelewa maji ya uvuguvugu. Ukikamua nazi kwa maji ya baridi, hasa iliyotoka kwenye friji, sehemu kubwa ya mafuta yamelala, yamegandia ndani ya machicha, nawe unayatupa au unawapa kuku. Ukiipasha kidogo, yanalegea na kutoka. Maji ya moto sana nayo si mazuri, maana yanaanza kuipika ile protini kabla hata hujafika kwenye sufuria.

Na kugandisha kwenyewe kuna gharama. Tui lililoingia kwenye friza likatoka halirudi kuwa lile lile, linagawanyika. Kwa wali halina neno, kwa mbaazi halina neno. Kwa samaki wa kupaka, kamua siku hiyo hiyo. Tena kwa joto letu usilikamue asubuhi kwa chakula cha usiku ukaliacha mezani, saa chache tu linachacha.

Sasa tuifikie ile protini.

Tui ukilitazama utadhani ni kitu kimoja, kama rangi ya ukutani. Kumbe ni matone madogo mno ya mafuta yanayoelea ndani ya maji. Mafuta na maji havikai nyumba moja. Kinachovipatanisha ni protini ile kidogo iliyotoka ndani ya nazi: hulizunguka kila tone la mafuta kama ngozi nyembamba, tone lisishikane na jirani yake. Ngozi hiyo ikiwa nzima, tui ni tui. Ikiharibika, matone yanakutana, yanaungana, yanakuwa makubwa, yanapanda juu. Huko ndiko kukatika.

Ngozi hiyo ina maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni moto. Protini ya nazi inapokaribia nyuzi 80 huanza kuganda, kama ute wa yai unavyoganda kwenye karai. Ukipandisha moto kwa pupa, inaganda kwa mabonge, na mafuta yanabaki hayana mlinzi. Ukipandisha taratibu huku unakoroga, inaganda ikiwa chembe ndogo zilizotawanyika, na badala ya mchuzi kupasuka unakuwa mzito. Kwa hivyo mwiko haukorogi kwa ajili ya kupitisha wakati. Unagawa joto lisijikusanye chini, na unaizuia protini isishikane. Mfuniko nao unaleta balaa hiyo hiyo: joto linapanda haraka, tui linachemka kwa fujo, nawe huoni.

Adui wa pili ni ukali wa ndimu na ukwaju. Ukitia ndimu kwenye maziwa ya ng'ombe unajua kinachotokea. Tui ni hivyo hivyo, na likiwa la moto ni haraka zaidi. Mimi usiku ule nilikuwa nimetia kikombe kizima cha ukwaju mwanzoni, tui likiwa bado jepesi, kisha nikafunika, kisha nikaenda kusikiliza habari. Hakuna kosa nililolisahau.

Vipi kuhusu kukoroga upande mmoja? Nilijaribu sufuria mbili, moja kwa upande mmoja, nyingine huku na huku. Sikuona tofauti, na ukizifikiria zile sababu hakuna ya kutarajia tofauti. Linalotakiwa ni mwiko usisimame. Lakini nikiwa mbele ya mama nakoroga upande mmoja.

Safari iliyonishangaza zaidi ilikuwa Oman. Mtoto wa ami yangu anaishi Muscat, na kama mjuavyo kule kuna familia nyingi zenye asili ya Unguja, Pemba na mwambao wetu ambazo mpaka leo zinazungumza Kiswahili ndani ya nyumba. Ukiingia unakaribishwa kwa kahawa na halua, na Ijumaa unakuta wali wa nazi. Lakini nazi yenyewe ni ya pakiti. Nilimwambia binamu yangu maneno ya mama kuhusu dawa ya kopo, akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akanipeleka kwa mpishi mmoja Mthai katika mkahawa anaokula mchana, maana alijua yule bwana ana maneno mengi ya nazi.

Mthai yule alinigeuza kichwa. Mimi nimekuja kuuliza namna ya kulizuia tui lisikatike, yeye akanionyesha namna ya kulikata kwa makusudi. Katika mapishi mengi ya kwao, tui zito hutiwa kwenye karai kwa moto wa nguvu, likachemshwa mpaka mafuta yatoke, halafu viungo vilivyosagwa vikakaangwa ndani ya mafuta hayo hayo ya nazi. Harufu iliyotoka pale, sina la kuifananisha nayo. Hata kwetu mwambao jambo hilo si geni: mafuta ya nazi ya asili, yale ya kupaka kichwani na mwilini, yanapatikana kwa kulichemsha tui mpaka likatike kabisa, maji yakauke, mafuta yabaki. Kwa hivyo kukatika ni kosa pale tu ambapo hukukutaka.

Halafu akanionyesha mgongo wa kopo. Makopo mengi ya tui huwa yametiwa gundi ya mbegu za guari au kitu cha aina hiyo, kinachoyashika mafuta na maji pamoja hata protini ikishindwa. Ndiyo maana mke wangu alikuwa akichemsha tui la kopo kwa moto mkubwa na halikatiki, mimi nikajiona mjinga na nazi yangu mpya. Yeye Mthai anayatafuta yale yasiyo na gundi, kwa sababu yenye gundi hayakubali kutoa mafuta. Mama alikuwa akilalamikia harufu ya kopo, lakini nadhani pia ulimi wake ulikuwa ukiitambua ile gundi, ule ulaini unaovutika kidogo. Sijambishia tena.

Mpishi huyo akauliza sisi tunakunaje. Nikamchorea mbuzi kwenye karatasi. Akafurahi kama aliyekutana na ndugu, akanionyesha kwenye simu picha ya ya kwao. Ni ile ile: kigoda cha kukalia na ulimi wa chuma wenye meno mbele. Wao wanaiita sungura, na nyingine zimechongwa kwa umbo la sungura kabisa. Sisi mbuzi, wao sungura.

Kutoka Muscat binamu yangu akasema lazima nione Salalah. Ni mwendo wa kilomita 1,000 hivi, karibu wote jangwa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kujuta. Kisha ukishuka upande wa bahari unadhani umefika Kilifi. Minazi, migomba, mipapai. Majira ya mvua za manyunyu yao, kuanzia Juni hadi Septemba, milima yote ya Dhofar inakuwa kijani kwa upepo ule ule wa kusi unaotupiga sisi huku. Kandokando ya barabara kuna vibanda vinavyouza madafu na ndizi mbivu. Nilikunywa dafu na muuzaji akanikatia kipande cha kumbi cha kukombea nyama, vile vile kama pale Mama Ngina.

Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa katika karne ya 14, na baadaye akafika Dhofar hiyo hiyo. Alipoandika habari zake aliueleza mnazi kwa urefu kwa wasomaji wake wa kwao, watu ambao hawajauona, na akaeleza namna watu wanavyoikuna nyama ya nazi na kuiloweka kwenye maji mpaka maji yawe na rangi na ladha ya maziwa. Nilisimama pale kwenye kibanda nikiwa na dafu mkononi na nikamfikiria mama akinipa masharti yake kana kwamba ni siri ya nyumba yetu.

Nilirudi Mombasa. Hiki ndicho ninachokifanya sasa, kwa samaki mmoja wa kilo moja hivi. Changu ni mzuri, tafi pia, na ukipata kole kole mchukue.

Mpasue mgongoni afunguke kama kitabu, bila kumtenganisha. Msuguie thomu na tangawizi iliyotwangwa, pilipili mbichi, chumvi na nusu ndimu. Mwache nusu saa, si zaidi, ndimu ikikaa sana inaipika nyama. Kuna nazi mbili, kamua tui zito kikombe kimoja na nusu kwa maji ya uvuguvugu, na la pili kikombe kimoja. La pili ndilo linaloanza motoni: litie kwenye sufuria na thomu, kijiko kidogo cha bizari ya manjano, pilipili, na kitunguu kilichosagwa ukipenda. Kitunguu kinasaidia uzito. Moto mdogo, lichemke polepole mpaka lipungue nusu. Hapo sasa mimina tui la kwanza, na kuanzia dakika hiyo usiondoke. Koroga. Likianza kufuka moshi na kutoa mapovu madogo pembeni, punguza moto zaidi. Usilisubiri lichemke kwa kelele. Litakuwa zito kama uji mwepesi na kushika mgongo wa mwiko. Liepue kwanza, ndipo utie ukwaju, vijiko viwili vya ule mzito uliochujwa, kidogo kidogo huku unakoroga, na uonje kila mara.

Ukiona limeanza kukatika, usikate tamaa na usiongeze maji. Liondoe motoni mara moja, mimina kijiko kikubwa cha tui bichi uliloliweka akiba, na ulipige kwa nguvu. Likikataa, koroga kijiko kidogo cha unga wa mchele katika maji baridi, utie, ulirudishe kwenye moto mdogo kabisa. Halitakuwa kama lile la kwanza, lakini litamshika samaki.

Samaki achomwe juu ya seredani, makaa yawe yameshatulia na kuvaa majivu, upande wa ngozi kwanza. Akikaribia kuiva ndipo unaanza kumpaka, tabaka moja, unaliacha likauke kidogo, unapaka jingine. Mara tatu nne. Tui linalobaki unamwagia mezani. Mwenye haraka atatumia oveni na atapata samaki mzuri, sitamlaumu. Ila ule moshi wa tui linalodondokea makaa ni sehemu ya kiungo.

Gharama ya nazi yenyewe sasa ni jambo la kulifikiria. Minazi mingi ya Kilifi na Kwale imekatwa mbao, na mwenye shamba hasa humlaumu vipi, kama nazi zake zinanunuliwa kwa bei ya dhihaka na mbao inalipwa siku hiyo hiyo? Sisi walaji tunaosema tui la pakiti ni rahisi tunahesabika ndani ya kisa hicho. Mimi mwenyewe bado nanunua pakiti siku za wiki, siwezi kukuna kila siku nikawahi kazini.

Samaki wa pili nilimpeleka kwa mama siku ya Ijumaa, baada ya sala, na wali wa nazi uliopaliwa makaa juu ya mfuniko. Aliutazama mchuzi kwa muda. Akachovya kidole cha mkono wa kushoto, akaonja. Akasema, "Nani kapika?" Nikamwambia ni mimi. Akasema ukwaju umezidi. Kisha akala, nikimtolea miiba, akala nusu ya upande mmoja wa samaki na wali tonge kumi na moja. Nilizihesabu.

Tangu hapo Ijumaa ni zangu. Mwanangu wa kiume ana miaka 14, naye namketisha kwenye mbuzi, analalamika mgongo. Mama huwa kwenye kiti chake upande wa pili wa ukuta, haoni tunachofanya, anasikia tu. Wiki iliyopita alipaza sauti kutoka kule kule, "Mwambie huyo kijana afika kwenye kifuu." Nikatazama ndani ya nazi. Kweli, alikuwa ameshafika.